Kaunti ya Montgomery na Makazi ya Watu Wake



Kaunti ya Montgomery, jimboni Maryland, jirani na jiji la Washington, iliundwa mwaka 1776. Josiah Henson alitumikishwa utumwani katika mashamba yake. Leo wakazi wanazidi milioni moja, na kwa utajiri inasifika Marekani nzima. Mkuu wa kaunti na madiwani 11 huchaguliwa na wananchi.

Sheria ninayoistahi zaidi ni ile iliyoanza mwaka 1974: ajengaye mtaa mkubwa sharti atenge baadhi ya nyumba kwa wenye kipato cha wastani. Raia waliipigania, wanawake wakiwa mbele. Hata hivyo nyumba hizo hazitoshi, na bado wapo walimu, wauguzi na madereva wa mabasi wanaolala mbali na watu wanaowahudumia.