Kwa Nini Sampuli ya Uvimbe Hupimwa Mara ya Pili

Maelezo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wakazi waliohudhuria baraza la afya



Mimi si daktari. Kazi yangu ni kuwaletea habari, na leo najibu swali moja. Mgonjwa amekatwa kipande cha uvimbe, maabara imesema ni saratani. Mbona anaambiwa asubiri kipimo kingine? Wengine hudhani daktari amebabaika, wakamwondoa mgonjwa wao. Sivyo.

Neno saratani peke yake halitoshi. Uvimbe wa shingoni unaweza kuwa umetokana na seli za epithelia, zile zinazofunika ngozi na kuta za ndani za koo, tumbo na tezi. Unaweza pia kuwa limfoma, saratani ya seli za kinga. Kwenye hadubini, wakati mwingine hizi mbili hufanana kama mapacha, lakini matibabu yake ni tofauti. Limfoma kwa kawaida hutibiwa kwa dawa. Ya epithelia mara nyingi huhitaji upasuaji au miale. Aina ikikosewa, mgonjwa atapewa matibabu yasiyo yake.

Kinachozitenganisha ni keratini, protini ya jamii ile inayofanya kucha ziwe ngumu. Seli za epithelia huwa nayo kama nguzo za nyumba, na hata zikigeuka saratani, kwa kawaida hubaki nayo. Seli za limfoma kwa kawaida hazina.

Keratini hutafutwa kwa kingamwili. Mwaka wa 1975, Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge, Uingereza, waliunganisha seli ya panya inayotengeneza kingamwili na seli ya saratani isiyokoma kuzaana. Wakapata kingamwili za monokloni, yaani za aina moja tu, zinazoshika kitu kimoja. Mwaka wa 1984 walipewa Tuzo ya Nobel.

Maabara hukata kipande chembamba sana, hukiwekea kingamwili ya keratini, kisha rangi. Penye keratini hugeuka kahawia. Aina za keratini pia hudokeza saratani ilikoanzia. Iliyofika kwenye ini ikiwa na keratini 20 bila keratini 7, mara nyingi imetoka utumbo mpana.

Basi nawaomba mambo matatu. Ukipewa chupa ya sampuli upeleke maabara, usimwage dawa iliyomo wala kuongeza maji. Hiyo ni formalini, inazuia kipande kuoza. Pili, uliza majibu yatatoka lini, na uache nambari ya simu inayopatikana. Tatu, tunza ripoti. Maabara huhifadhi kipande ndani ya nta, na mara nyingi kinaweza kupimwa tena bila mgonjwa kukatwa upya.

Kungoja ni kugumu, najua. Lakini msimwondoe mgonjwa kabla ya jibu hilo, kwa maana ndilo litakaloonyesha atibiwe vipi.

Sasa nakaribisha maswali.