Baiskeli ya Njia za Milimani: Kagua Kabla ya Kulipa



Dukani mtaonyeshwa baiskeli mbili za bei moja, ya kwanza ikiwa na springi mbele tu, ya pili mbele na nyuma. Wengi huvutiwa na ya pili. Sisi twawashauri mchukue ya kwanza. Springi ya nyuma iliyo madhubuti ni ghali. Bei isipopanda, gharama yake imefidiwa kwa breki hafifu na rimu dhaifu, nanyi mtasukuma uzito wake katika kila mwinuko wa Lushoto.

Someni pia kibandiko cha fremu. Zipo baiskeli zenye sura ya mlimani ambazo mtengenezaji mwenyewe ameonya zisitumike nje ya barabara. Maandishi hayo huwa madogo, na muuzaji hana haja ya kuwasomea.

Kwa baiskeli ya mtumba, anzeni na viungio vya fremu karibu na usukani. Mkiona ufa, hata mwembamba kama unywele, ondokeni. Rangi mpya mahali hapo pekee nayo itiliwe shaka. Kisha pimeni cheni kwa rula. Pingili 24 za cheni mpya zina urefu wa milimita 305 hivi. Zikifika 307, cheni imekwisha, na huenda gia za nyuma zimekwisha nayo. Gharama hiyo ipunguzwe katika bei.

Breki za diski zinazovutwa kwa waya hurekebishwa na fundi wa kawaida. Za mafuta zahitaji vifaa maalumu.

Risiti iandikwe namba iliyogongwa kwenye fremu, aghalabu chini, penye pedali. Bila namba hiyo, muuzaji aweza kukana kwamba baiskeli iliyovunjika ilitoka kwake.