Udongo wa Juu, Udongo wa Chini: Petroli na Haki ya Aliyekimbia

 

Mama mmoja aliyekimbia kutoka upande wa ziwa Edward ametuuliza swali. Anasema: «Watu wanasema chini ya shamba letu kuna petroli. Je, shamba ni letu bado, ao Leta imekwisha kuliuza?» Swali hilo linaulizwa kila siku penye bomba la maji na sokoni, na kila mtu analijibu apendavyo. Mimi nilisoma sheria. Nitalijibu kwa namna ya sheria, lakini polepole, kwa sababu jibu lina sehemu mbili na wengi hushika moja tu.

Sehemu ya kwanza haitawafurahisha. Petroli iliyo chini ya shamba lako si yako. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 9, inasema Leta ndiyo yenye mamlaka ya kudumu juu ya udongo, chini ya udongo, maji na misitu. Na sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema udongo wote wa inchi ni mali ya Leta. Basi yule anayekuambia «kaa hapo, ukipata petroli utakuwa tajiri» anakudanganya.

Sehemu ya pili ndiyo inayosahauliwa, na mara nyingi husahauliwa na wakubwa wenyewe. Ikiwa petroli si yako, haifuati kwamba shamba si lako. Kifungu cha 34 cha Katiba kinalinda mali ya mtu mmoja na mali ya watu pamoja, iliyopatikana kwa njia ya sheria ao kwa njia ya desturi. Shikeni neno hilo: desturi. Baba yako aliyetoa mbuzi kwa mkuu wa kilima, akaonyeshwa mpaka mbele ya majirani, alipata haki, hata kama hakupata sertifika ya ofisi ya ardhi. Sheria ile ile ya 1973 inautambua udongo ambao wenyeji wanakaa juu yake, wanaulima ao wanautumia kwa namna yoyote kufuatana na desturi zao. Iliahidi kwamba ordonansi ya Rais ingekuja kupanga haki hizo vizuri. Miaka mingi ikapita bila ordonansi, na ugomvi mwingi wa mashamba tunaouona umezaliwa katika pengo hilo. Lakini haki haikufa. Leta ikitaka kukuondoa kwa kazi ya faida ya wote, Katiba inaidai ikulipe malipo ya haki, na ikulipe kwanza, kabla ya kukuondoa.

Sasa, Leta inafanyaje kazi hii ya petroli? Wengi wanafikiri mkubwa mmoja anakuja na gari, anapiga kidole chini, anasema «chimbeni». Hapana. Kuna Wizara ya Idrokabiri huko Kinshasa, ndiyo wizara ya petroli na gazi. Wizara inakata ramani vipande vipande, na kila kipande kinaitwa bloku. Kufuatana na sheria ya tarehe 1 Agosti 2015, inapaswa kuyaita makampuni yashindane mbele ya watu. Kampuni inayoshinda haipewi udongo. Inapewa ruhusa ya kutafuta, kwa muda na kwa masharti, na ikipata kitu inaweza kuomba ruhusa ya kutoa. Mapato hugawanywa kati yake na Leta kufuatana na mkataba. Kabla ya kazi yenyewe, sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011 inataka uchunguzi ufanywe juu ya madhara ya kazi hiyo kwa mazingira na kwa watu, na watu waulizwe. Tena dekreti ya tarehe 20 Mei 2011 inaiamuru Serikali itangaze mikataba ya mali ya asili ndani ya siku 60 tangu inapoanza kuwa na nguvu.

Kwa hiyo karatasi zipo, ao zinapaswa kuwapo, na raia ana haki ya kusema: «Mheshimiwa, tunaomba kuiona.»

Tuangalie mambo yaliyotokea karibu nasi. Bloku ya V iliwekwa kando ya ziwa Edward, na sehemu yake kubwa iliingia ndani ya Parke ya Virunga, parke iliyoanzishwa 1925 na kuandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia 1979. Mwaka 2010 ordonansi ya Rais ilikubali mkataba na kampuni ya Uingereza iitwayo SOCO pamoja na wenzake, na shirika la Leta, Cohydro, likiwa na fungu lake. Bloku nyingine, ya III, ilishikwa na kampuni ya Ufaransa, Total. Hiyo ilitangaza 2013 kwamba haitaingia ndani ya mipaka ya parke.

SOCO yenyewe iliingia. Katika mwaka 2014 ilipima chini ya ziwa kwa mawimbi ya sauti. Mnakumbuka maneno ya wakati ule kule Vitshumbi na Nyakakoma. Wengine walitumaini kazi, barabara na umeme. Wengine walisema: samaki wakiondoka, Butembo itakula nini? Wavuvi waliopinga walisema walitishwa na kupigwa. Kampuni ilikana kwamba ilihusika. Tarehe 15 Aprili 2014 mkurugenzi wa parke, Emmanuel de Merode, alipigwa risasi njiani kati ya Goma na Rumangabo, akapona. Tarehe 11 Juni mwaka ule ule kampuni ilitangaza, pamoja na shirika la WWF, kwamba baada ya kumaliza vipimo haitaendelea ndani ya Virunga, isipokuwa UNESCO na Serikali wakubaliane kwamba kazi hiyo haivunji heshima ya urithi wa dunia. Baadaye ikaenda zake.

Mimi naona jambo moja kubwa katika habari hiyo. Kelele zilizoisimamisha kampuni zilitoka pande nyingi, hata Ulaya. Lakini zisingekuwa na uzito kama wavuvi na vyama vya raia wa hapa wasingeuliza: mkataba unasema nini, mpaka wa parke uko wapi, nani alituuliza? Waliuliza kwa barua, na barua ina nguvu kuliko jiwe.

Msifikiri hata hivyo kwamba mambo yalikwisha. Sheria ya 2015 iliacha mlango: parke inaweza kuondolewa ulinzi wake, ao sehemu yake, kwa dekreti inayojadiliwa katika Baraza la Mawaziri. Mwaka 2018 Serikali ilianza kutafuta namna ya kuondoa sehemu za Virunga na za Salonga. Kisha mwisho wa Julai 2022 Rais Tshisekedi akafungua mashindano ya bloku 30 kwa mara moja, 27 za petroli na 3 za gazi ya ziwa Kivu, na baadhi ya zile za petroli ziligusa tena parke zetu. Zile 3 za gazi zilipata wenyewe mwaka uliofuata. Zile 27 hazikupata. Oktoba 2024 waziri Aimé Sakombi Molendo alifuta mashindano, akisema maombi hayakutimiza masharti na ushindani haukuwapo. Mwaka 2025 Serikali ikachora bloku nyingine 52, safari hii katika bonde kubwa la misitu ya kati, mbali na sisi.

Kwa nini nawachosha na tarehe hizi? Kwa sababu mama yetu aliuliza kama shamba limekwisha kuuzwa. Mama, bloku ikichorwa juu ya ramani, shamba halijauzwa. Ramani inaweza kuchorwa, kufutwa na kuchorwa tena, kama mlivyosikia, na bado mihogo yako ikawa yako.

Sasa nafika penye moto. Kuna maneno yanayotembea hapa mjini tangu mauaji ya Beni yalipoanza Oktoba 2014: kwamba watu wanauawa ili udongo ubaki wazi kwa ajili ya petroli. Maneno hayo yamepata nguvu zaidi tangu ndugu wa Kanyabayonga, Kirumba na Kayna walipokimbia kuelekea Lubero na Butembo katikati ya 2024. Ninaelewa yanatoka wapi. Mtu aliyezika watoto wake anatafuta sababu, na sababu kubwa inafanana na msiba mkubwa. Lakini tazameni matunda yake. Familia inayopita barabarani na godoro kichwani inaitwa «watu walioletwa kuchukua petroli». Chefu aliyepiga picha na wageni anaitwa muuzaji wa inchi. Kijana anachukua panga ili kumzuia mtu aliyekimbia kama yeye. Anayewaambia kwamba kabila fulani lilitumwa kwa ajili ya bloku, mwombeni vitu vitatu: jina la kampuni, namba ya ordonansi na ramani. Akiwa navyo, vipelekeni kwa mwanasheria ao kwa chama cha raia, vichunguzwe. Akiwa hana, msimpe vijana wenu.

Hatari ninayoiogopa mimi ni nyingine, tena ni ya kimya. Tuvuke mpaka kidogo. Uganda ilipata petroli kando ya ziwa Albert 2006. Serikali yake ilitaka udongo wa kiwanda cha kusafisha petroli huko Kabaale, katika Hoima. Vijiji 13 viliguswa, watu zaidi ya 7,000. Mwaka 2012 walikuja watu wenye madaftari, wakahesabu nyumba, mashamba na miti, wakaweka tarehe ya mwisho. Kilichopandwa baada ya tarehe hiyo hakikuhesabiwa. Wengi walichukua pesa. Waliochagua kupewa nyumba na udongo mahali pengine walisubiri mpaka 2017, na muda huo shule na soko la kijiji vilikuwa vimekwisha kufa.

Na wale walikuwa nyumbani kwao. Walimwona mwenye daftari akija, wakasimama penye mpaka wa shamba, wakasema «huu mti ni wangu». Ninyi mko Rughenda. Siku daftari litakapofunguliwa kule kwenu, kwa petroli, kwa barabara ao kwa parke, nani atasimama penye mpaka? Udongo usio na mtu huandikwa kwa urahisi kuwa udongo usio na mwenyewe. Kanuni za Umoja wa Mataifa za 1998 juu ya watu waliohamishwa ndani ya inchi yao zinasema, katika ya 21, kwamba mali waliyoiacha ilindwe isichukuliwe bila haki. Lakini kanuni haijui mpaka wako uko wapi. Unaujua wewe na jirani yako.

Basi chukueni daftari la shule, la bei ndogo kabisa. Andika jina la kijiji, la lokalite na la mkuu wa kilima aliyekupa udongo ao aliyempa baba yako. Andika mipaka kwa vitu visivyohama: kijito, jiwe kubwa, makaburi ya wazee. Miti nayo iandike, ukijua inaweza kukatwa. Andika majirani wa pande zote nne, kisha uwatafute. Wengi wako hapa hapa mjini, wengine Oicha, wengine Lubero. Kila jirani atie sahihi ao alama ya kidole katika daftari lako, nawe katika lake. Chefu wenu kama amekimbia pia, ni heri: mko naye karibu, atie muhuri wake. Jina la mama liandikwe pamoja na la baba, kwa sababu wajane wengi wamepoteza shamba mbele ya shemeji kabla hawajalipoteza mbele ya kampuni. Fanyeni nakala, moja ikae kwa mtu mnayemwamini mbali na mji huu.

Daftari hilo si sertifika. Hakimu hatalisoma kama Biblia. Lakini penye kesi ya udongo, aliyeandika na mashahidi wake wanasikiwa kuliko aliyekuja na kilio tu.

Tena, msiuze kwa hofu. Nimesikia wanunuzi wanapita kwa waliokimbia wakisema: «Nipe shamba lako kwa bei hii, kwani kesho Leta italichukua bure.» Leta kuchukua bure ni kinyume cha Katiba, na mnunuzi huyo anajua, kama sivyo, angetafuta nini katika udongo utakaochukuliwa? Njaa ikibana sana, kodisha kwa msimu, mbele ya familia nzima na chefu.

Kwenu machefu nina ombi. Mtu akija na karatasi ya petroli, ya vipimo, ao ya «maendeleo», msitie sahihi siku ile ile. Ombeni siku za kuisoma. Iandikeni namba yake. Iitieni mkutano pale watu wenu walipo kwa kweli, na kama wako Rughenda, mkutano uwe Rughenda. Mkutano wa kuwauliza watu uliofanywa katika kijiji kitupu haukumuuliza mtu.

Juma lijalo, saa hii hii, tutasoma pamoja sheria ya tarehe 22 Februari 1977, inayopanga namna Leta inavyoweza kuchukua mali ya mtu kwa faida ya wote: nani anakadiria bei, na siku ngapi unazo za kukataa. Mje na madaftari. Wasiojua kuandika waje na mtoto wa shule.