Tarakimu sita za muuza vitenge
Mama muuza vitenge pale Kariakoo huitandika doti mlangoni, akaipiga picha kwenye mwanga wa asubuhi na kuandika bei waziwazi, si "njoo inboksi". Kabla ya jioni mzigo uko stendi, unakwenda Mbeya. Hilo ni duka kamili ndani ya WhatsApp. Lakini ufunguo wake ni tarakimu 6 ambazo WhatsApp hutuma kwa ujumbe mfupi akaunti inapofunguliwa kwenye simu. Tapeli anayejifanya mteja akiomba umsomee, nawe ukamsomea, anaingia yeye, wewe unabaki nje, na wateja wako wanaombwa hela kwa jina lako. Inauma mno! Fungua mipangilio leo, weka uthibitishaji wa hatua mbili. Na ukitumiwa picha ya muamala, angalia salio lako kwanza, ndipo umkabidhi bodaboda mzigo.