Funguo kwenye ncha ya kanga: familia na kijana aliyeko soba hausi



Naanza na mama mmoja ambaye sitamtaja. Alikuja soba hausi Jumapili ya kutembelea na bakuli la pilau, funguo za vyumba vyote vya nyumbani kwake amezifundika kwenye ncha ya kanga. Mkono mmoja ukimlisha mwanawe, wa pili haukubanduka kwenye lile fundo. Kijana aliliona, akanyamaza. Jioni, kwenye kikao, alilia.

Simlaumu mama. Kwa sababu ya unga wa kulevya, mtungi wa gesi uliuzwa, simu ikauzwa, na mwisho cherehani iliyowalea wote.

Soba hausi zetu hizi zinabadilisha kwanza urafiki. Maskani, rafiki ni yule mnayechangiana pesa ya kete ya unga. Ndani ya soba, siku za arosto, mwili unapouma na usingizi hauji, anayekukanda miguu ni mwenzako aliyetangulia miezi miwili tu. Mnaosha sufuria pamoja, mnakaa kikao cha asubuhi pamoja. Ndipo nyumbani huingia wivu: "Wale anawasikiliza, sisi wazazi wake je?" Nawaomba msiuone udugu huo kuwa umewanyang'anya mtoto.

Wengi wetu tunafuata hatua 12 za kupona uraibu. Ya 8 ni kuorodhesha uliowadhuru na kuwa tayari kuwatengenezea. Ya 9 ni kutengeneza ulichoharibu, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kutamuumiza mtu zaidi. Vijana huirukia ya 9. Wiki ya tatu wanataka simu waombe radhi. Lakini "nisamehe mama" ndilo neno lililotumika miaka yote kuombea pesa ya kete. Mama amelichoka, naye ana haki.

Kwa wanandoa ni vigumu zaidi. Mke ameshazoea kulipa kodi na ada peke yake, na siku mume akirudi anataka kukabidhiwa usukani papo hapo. Familia isipoandaliwa wakati mgonjwa yuko ndani, ugomvi huzuka wiki ya kwanza. Na wiki hiyo ni ya hatari: mwili uliokaa miezi bila unga hauhimili tena kipimo cha zamani. Akirudia kwa kiasi kile kile, anaweza kufa.

Kwa hiyo wazazi, njooni kwenye vikao vya familia, hata kama mna hasira. Njooni nayo. Kijana akirudi nyumbani, mpeni elfu mbili akanunue mkate, na chenji ihesabiwe mbele yake bila makelele. Kesho mtumeni tena.

Yule mama, mwezi wa nne, alifundua kanga akampa mwanawe ufunguo wa mlango wa uani. Mmoja tu. Zilizobaki anazo bado, na kijana mwenyewe anasema ni haki yake kuzishika.