JAMU YETU ILIYOBAKI MAJIMAJI



Maneno haya tuliyasema kwenye mkutano wa Jumapili. Tunayabandika hapa kwa ajili ya waliokuwa shambani.

Zile chupa 36 za jamu ya mananasi hazikushika. Ukiinamisha chupa, jamu inatiririka kama asali. Basi maneno yameanza: sukari imepunjwa, sukari imepita mlango wa nyuma. Ndugu, sukari ni fedha za wanachama, kuuliza ni haki. Daftari la ghala tulilifungua mbele ya mkutano: nyama ya mananasi kilo 10, sukari kilo 10, na mizani ilisimamiwa na watu watatu. Sukari yote imo chupani. Tusitafute mchawi kwa akina mama waliopika.

Mwenye kesi ni nanasi lenyewe. Jamu hushika vikikutana vitu vitatu: sukari, uchachu, na ule utelezi wa matunda uitwao pektini. Nanasi pektini yake ni haba. Pera linayo tele, hasa likiwa limekomaa bila kuiva sana. Limau nalo linayo, kwenye mbegu na ngozi nyeupe ya ndani, ile tunayoitupa kila siku!

Wapo waliosema tutie unga wa muhogo. Hapana jamani. Huo utakuwa uji wa nanasi, na mnunuzi tutakuwa tumemdanganya. Kuiuza hivi hivi pia hapana, maana jamu yenye maji mengi huota ukungu upesi.

Sasa dawa yake. Mbegu na ngozi nyeupe za malimau zitachemshwa kwa maji kidogo nusu saa, zikamuliwe kwa kitambaa safi. Jamu irudi motoni lita 1 tu kwa mara moja, katika sufuria pana. Sufuria ikijaa, maji huchelewa kukauka, na jamu ikikaa motoni mno pektini huharibika na rangi hugeuka kahawia. Kila lita itiwe utelezi huo kidogo na vijiko 2 vya chakula vya maji ya limau, ichemke kwa nguvu dakika 3 au 4. Halafu epua, dondosha tone kwenye kisahani kilichopozwa kwa maji ya mtungi. Likipoa lisukume kwa kidole. Likikunjamana, tayari. Likikimbia, rudisha motoni kidogo upime tena. Chupa zichemshwe upya, jamu imiminwe ingali moto, na zisitikiswetikiswe. Nyingine hushika kesho yake.

Itakayokataa kabisa haitupwi. Itauzwa kuwa sharubati ya kuchanganya na maji, na chupa zitaandikwa hivyo.

Kazi ni Jumamosi saa 1 asubuhi, penye ghala. Kila nyumba yenye mlimau ilete malimau 3. Kuni zipo. Sufuria pana bado tunahitaji mbili.