Kambare wa Masinga: Kutoka Ndoana Hadi Sufuria
(Mazungumzo na vikundi vya mwethya, Machakos)

Leo hatuzungumzi juu ya matuta wala miche. Tunazungumza juu ya samaki, na naona wengine wameshaanza kukunja uso.

Ni kweli, sisi Wakamba wengi hatukulelewa na samaki. Tulijua muthokoi, maharagwe, na nyama ya mbuzi siku ya sikukuu. Lakini tangu mwaka 1981, bwawa la Masinga lilipokamilika kwenye Mto Tana, tuna ziwa mlangoni petu, lenye kilomita za mraba kama 120 likijaa. Familia ya Matuu au Yatta ikienda kutembea huko Jumamosi, kwa nini irudi mikono mitupu?

Mimi nawashauri mtafute kambare, yule Wajaluo wanamwita mumi. Wengi hupenda tilapia kwa sababu ana sura nzuri. Haya. Lakini tilapia akitoka majini hakawii kufa, na jua letu mnalijua. Bila barafu, ukifika nyumbani jioni umebeba harufu. Kambare ni tofauti. Juu ya mashavu yake ana kiungo cha kuvutia hewa, kwa hiyo hata nje ya maji anapumua. Mweke ndani ya gunia lililoloweshwa, kivulini, ulimwagie maji mara kwa mara, naye atakaa hai saa nyingi. Samaki aliye hai haozi. Ila msimjaze ndani ya ndoo iliyojaa hadi juu na kufunikwa kabisa, maana asipofikia hewa atakufa humo humo.

Kabla ya kutupa mshipi, ulizeni ofisi ya samaki ya kaunti juu ya leseni. Msichukue chandarua cha mbu mkakifanya wavu, kinazoa hata watoto wa samaki. Ndoana inatosha. Chambo ni nyungunyungu au matumbo ya kuku, na kifike chini kabisa, kwa sababu kambare hutafuta chakula kwenye matope kwa zile sharubu zake nane. Maji yakiwa ya rangi ya udongo ni vizuri zaidi. Hupenda kutembea usiku, lakini usiku si wetu. Masinga kuna mamba na viboko. Nendeni asubuhi jua likishatoka, simameni mbali kidogo na ukingo, na mtoto asiachwe ateke maji peke yake. Pia msiingie kuoga kwenye maji yaliyotulia yenye majani, kwa sababu ya kichocho.

Wakati wa mvua kubwa kambare huja kwenye maji ya kina kifupi kutaga mayai. Hapo hata mtu asiye mvuvi anaweza kumpiga kwa panga, na wako wanaofanya hivyo wakicheka. Huyo jike amebeba maelfu ya mayai. Mwacheni apite.

Sasa kusafisha. Hapa ndipo watu wengi hushindwa, halafu wanasema kambare ni mbaya. Msisafishie ukingoni! Damu na matumbo humwita mamba, na kesho atakuja kumngoja mama anayechota maji hapo. Pandeni juu, na maji mchukue kwa ndoo.

Mpige kichwani kwa rungu afe upesi. Mshike nyuma ya kichwa kwa kitambaa, kwa kuwa mapezi ya ubavuni yana miiba yenye meno kama msumeno, na kidonda chake kinauma sana. Hana magamba, ana utelezi tu. Msugue kwa majivu au chumvi mpaka mkono usiteleze, kisha osha. Pasua tumbo kutoka tundu la haja hadi kooni, kwa ncha ya kisu, taratibu, usipasue nyongo. Ikipasuka nyama inakuwa chungu. Toa matumbo yote, toa mashavu, na kile kiungo cha hewa kinachofanana na mti mdogo mwekundu. Kwangua damu nyeusi iliyoshika uti wa mgongo. Ikiachwa humo, huharibu ladha ya nyama. Mwishowe mloweshe kwenye maji ya chumvi na ndimu kwa muda mfupi. Matumbo yafukieni.

Wenzetu Wasabato hawali samaki asiye na magamba, wakifuata Walawi sura ya 11. Tukiwa nao kikundini tusiwalazimishe, wapikieni tilapia.

Uzuri wa nyama ya kambare ni kwamba haina ile miiba midogo midogo. Mwachambulie mtoto mdogo, muangalie kwa vidole, mpe na ugali. Mtoto anayekula uji mtupu kila siku anahitaji chakula cha kumjenga, na hiki mmekipata bila kuuza kuku.

Msipomaliza siku hiyo, mbanikeni kwa moshi juu ya nusu pipa. Magunzi ya mahindi yanafaa, hakuna haja ya kukata mti. Na kichwa msikitupe: kichemsheni na nyanya, kitunguu na dania, mchuzi wake unashinda wa mkia.